Huduma ya kupima tezi za limfu Mwanza: kikopo kizuri, ripoti nzuri, foleni inaudhi

Maabara tunayoizungumzia ni ya binafsi, ipo Mwanza mjini, na jina lake tunaliacha kwa sababu humu kuna sifa lakini pia kuna lawama. Inapokea vinyama, yaani vipande vya nyama ya mgonjwa vya kupimwa, kutoka hospitali za mjini, na vingine vinasafiri: vya Sengerema na Geita vinavuka daraja la Kigongo–Busisi, vya Ukerewe vinakuja kwa meli kutoka Nansio, vya Magu na Bunda vinaletwa na basi kwa barabara ya Musoma. Tumeipima kwa jambo moja tu: tezi ya limfu inayodhaniwa kuwa na limfoma, yaani saratani ya seli za limfu. Vinyama vya ngozi au vya shingo ya kizazi havitofautishi sana maabara na maabara. Tezi ndiyo inayoumbua.

Tuanzie dirishani. "Mama, nyama hii imetolewa saa ngapi? Na imeingia kwenye dawa saa ngapi?" Hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya kadi ya bima na kabla ya pesa. Dawa yenyewe ni fomalini, ya kuhifadhi nyama isioze. Mhudumu anaandika saa zote mbili kwenye fomu, ananyanyua kikopo kwenye mwanga wa dirisha, anaangalia kama tezi imepasuliwa au imetumbukizwa nzima. Ikiwa nzima, anamwita fundi papo hapo. Kwetu sisi, hapo tu maabara imeshajipatia nusu ya alama, kwa kuwa tezi nyingi zinazokosa jibu zinaharibikia kwenye kikopo. Hadubini inakuja kutangaza tu msiba uliokwishatokea.

Wavuvi wanalijua jambo hili kuliko madaktari wengi. Sangara mkubwa ukimfukia kwenye barafu bila kumtoa matumbo, nje atang'aa, ndani ananuka. Tezi nayo ina ganda lake, na fomalini inapenya taratibu, kama milimita 1 kwa saa mwanzoni, kisha inazidi kupungua kasi kadiri inavyoingia ndani. Tezi ya sentimita 3 ikitumbukizwa nzima saa nne asubuhi, katikati yake bado ni nyama mbichi hadi usiku, na joto la kanda hii halisubiri. Kwenye slaidi utaona ukingo mzuri wenye seli zilizosimama wima, halafu katikati pamepauka, viini vya seli vimefifia kama wino ulionyeshewa. Vipimo vya kingamwili, vinavyopaka rangi alama fulani za seli kwenye slaidi, navyo vinadanganya hapo: Ki-67, inayoonyesha ni seli ngapi ziko kwenye kugawanyika, inasomeka chini kuliko ilivyo, na limfoma ya kasi inaonekana kama ya polepole.

Dawa yake ni kisu. Pasua tezi kwa bledi mpya, mkato mmoja wa kuvuta bila kusugua, vipande vya milimita 3 hivi. Bledi butu inazikamua seli. Koleo lenye meno likibana tezi yenyewe badala ya mafuta yanayoizunguka, seli zinapondeka na kuchuruzika kama nyuzi za buluu, na eneo hilo halisomeki tena.

Vikopo wanavitoa bure, vina mdomo mpana, na dawa imo tayari. Ni fomalini ya asilimia 10 iliyotiwa bafa. Wanaochanganya wenyewe wilayani wachukue mililita 100 za fomalini ya dukani (ile ya asilimia 37 hadi 40), mililita 900 za maji yaliyokenekwa, gramu 4 za sodiamu fosfeti ya monobesiki na gramu 6.5 za ile ya dibesiki isiyo na maji. Chumvi hizo mbili ndizo watu wanazoziruka kwa kubana matumizi. Bila bafa, fomalini inageuka asidi na kuacha chembe za kahawia-nyeusi kwenye kinyama chenye damu nyingi. Chembe hizo zinafanana mno na zile za malaria, na kwenye ukanda wenye malaria kama huu, msomaji asiye makini anaweza kuziandika hivyo.

Kasoro ya vikopo ni kipimo chake. Wanatoa saizi moja tu, mililita 60. Kanuni ni dawa mara 10 ya ujazo wa nyama, angalau. Tezi ya mviringo ya sentimita 2 ina ujazo wa kama mililita 4, inahitaji mililita 40, sawa. Ya sentimita 3 inafika mililita 14, kwa hiyo inataka dawa mililita 140, na hapo kikopo kimeshindwa. Tezi za limfoma ndizo hasa zinazokuwa kubwa! Kwa sasa suluhisho ni kugawa vipande kwenye vikopo vitatu na kuandika 1/3, 2/3, 3/3 kwenye ubavu. Ubavu, si kifuniko, maana vifuniko vinabadilishana mezani. Na tafadhali, chupa ya dawa ya kikohozi isitumike. Nyama inaingia laini na kutoka ngumu, na mdomo ule mwembamba hautairuhusu mpaka chupa ivunjwe.

Sehemu ambayo tungeipa alama zote ni ile ya tezi mbichi. Ukiwa mjini na ukapiga simu mapema, wanakubali tezi isiyotiwa dawa, imefungwa kwenye gozi (kitambaa cha kufungia vidonda) iliyoloweshwa maji ya chumvi ya dripu, ndani ya kikopo safi, ifike ndani ya saa moja. Barafu isiguse nyama. Fundi anaipasua katikati. Uso wa mkato anaukausha kwa kuugusisha kwenye karatasi ya kunyonya, kwa sababu damu ikibaki itafunika kila kitu. Kisha anaugusisha kwenye slaidi, kugusa na kuinua, bila kuburuta, slaidi 4 hadi 6. Nyingine anaziacha zikauke kwa hewa apake rangi ya Giemsa, nyingine anazitia kwenye alkoholi zikiwa bado na unyevu. Kabla ya kisu kugusa fomalini, kipande kidogo kinakatwa kwa vifaa safi kwenda GeneXpert (mashine ya kupima TB) na kuoteshwa kwa TB. Kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye dawa. Mpangilio huo ni muhimu kwa sababu kinyama kikishaingia fomalini, vijidudu vyake vimekufa na havitaota tena.

Slaidi hizo za mguso zinaweza kusomwa siku hiyo hiyo. Kwenye limfoma ya Burkitt, ile ya kasi inayowapata hasa watoto, seli zinakuwa za ukubwa wa kati, zote sare kama zimetoka kwenye kiwanda kimoja, na maji ya seli ni ya buluu iliyokolea yenye vitundu vidogo vyeupe vya mafuta. Picha hiyo haitoshi kuandika jina la ugonjwa kwenye ripoti ya mwisho, lakini inatosha daktari kushika simu. Seli za Burkitt zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku 1 hadi 2, kwa hiyo mtoto hana wiki mbili za kusubiri.

Hapa tuweke wazi jambo linalochanganya watu. Daktari Denis Burkitt aliueleza ugonjwa huu mwaka 1958 akiwa Kampala, ng'ambo ya ziwa hili hili, na watoto aliowaona walikuwa na uvimbe wa taya. Aina ya ukanda wetu, inayoandamana na malaria na kirusi cha Epstein-Barr kilichogunduliwa mwaka 1964, mara nyingi inaziacha tezi za shingo. Inakaa kwenye taya, tumboni, kwenye figo, kwenye ovari. Mtoto mwenye meno yanayolegea na shavu linalojaa asitafutiwe tezi ya shingoni ili tu fomu ipate cha kuandikwa. Kinyama kichukuliwe pale penye uvimbe.

Kwa mtu mzima, tezi ya kuchagua ni ile kubwa, inayokua, hata kama iko mahali pagumu. Mitoki ya kinenani ni rahisi kuifikia lakini mara nyingi ina makovu ya vidonda vya miguu vya miaka na miaka, na jibu lake linakuwa "tezi yenye mabadiliko yasiyo maalumu", pesa zimekwenda. Shingo au kwapa ni bora. Kwenye shingo upande wa nyuma, daktari awe makini na mshipa wa fahamu unaoinua bega, upo karibu na ngozi kuliko unavyodhani, na ukikatwa bega linaanguka. Dawa ya ganzi izunguke tezi, isidungwe ndani yake.

Sindano je, badala ya kutoa tezi? Maabara inapokea zote, na bei ya sindano nyembamba (geji 22 hadi 25) ni nafuu, kwa hiyo ndiyo inayonunuliwa zaidi. Kwa TB na kwa saratani iliyotoka kiungo kingine inasaidia. Kwa limfoma inatoa seli zilizotawanyika bila ramani, wakati aina nyingi za limfoma zinatambulika kwa ramani: je, vijifuko vya tezi vipo, vimepanuka, au vimefutika? Kwenye limfoma ya Hodgkin hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa seli zenyewe za ugonjwa, zile kubwa zenye viini viwili vinavyokutazama kama macho ya bundi, ni chache sana katikati ya umati wa seli za kawaida. Sindano inaweza kupita pembeni na kurudi na umati tu. Tunawasifu kwa kuandika bila kumumunya kwamba sampuli "haitoshi kutaja aina, tuma tezi nzima". Tunawalaumu kwa kutosema hivyo dirishani kabla ya kupokea malipo.

Sindano nene ya geji 14 hadi 16, vipande vinne au zaidi, inakubalika kama tezi ipo ndani ya tumbo au kifua na upasuaji ni hatari. Tezi inayoshikika kwa vidole, itolewe nzima.

Fomu yao ina kisanduku kinachouliza kama mgonjwa amepewa prednisoloni au deksamethazoni. Kisijazwe kwa kubahatisha. Dawa hizo zinaua seli nyingi za limfoma haraka, tezi inasinyaa, mgonjwa anafurahi, na mwanapatholojia anabaki na uwanja wa seli zilizokufa. Kama hali inaruhusu, kinyama kitangulie dawa.

Sasa ndani ya maabara. Vipande vinakaa kwenye fomalini hadi vikae sawasawa, kwa tezi saa 24 ni za kuridhisha, kisha usiku vinapitishwa kwenye alkoholi za kupanda, asilimia 70 hadi 100, zaileni, na nta ya moto ya nyuzi 60 hivi. Umeme ukikatika katikati ya safari hiyo ndipo mambo yanaharibika: nyama iliyobaki mno kwenye nta ya moto inakuwa kavu na kumeguka chini ya kisu kama keki ya jana. Alkoholi ya mwisho ikiwa imeshanywa maji, nta haiingii na bloku (nyama iliyogandishwa ndani ya nta) linakuwa na shimo laini katikati. Slaidi zao za karibuni hazina dalili hizo. Mikato ni ya mikroni 3 hadi 4, haina mikunjo, na rangi ya hematoksilini na eosini ni safi kiasi cha kuona mpaka wa kiini. Mkato wa mikroni 6, unaovumilika kwenye vinyama vingine, kwenye tezi unapandanisha seli juu ya seli na kila kitu kinaonekana kibaya.

Ripoti ya kwanza tunaipenda. Inaanza na kilichopokelewa: ukubwa kwa sentimita, imepasuliwa au la, saa za kukaa kwenye dawa. Inafuata hali ya muundo wa tezi, ukubwa wa seli, kisha maoni. Kwa Burkitt wanaandika picha ya "anga lenye nyota", yaani seli nyeusi zilizobanana kama usiku, na katikati yake seli kubwa nyeupe zinazokula mabaki. Wanaongeza kwamba anga hilo linaonekana pia kwenye limfoma nyingine za kasi, jambo ambalo ripoti nyingi zinalisahau.

Baada ya hapo zinakuja kingamwili, na ndipo bili inapopanda, maana kila moja ina bei yake. Uliza jumla kabla ya kusaini. Seti yao ya kwanza ni CD20, CD3, CD10, CD30 na Ki-67; majina haya, na mengine ya aina hii yanayofuata, ni ya alama za seli zinazotafutwa. Ni chaguo la busara. CD20 ndiyo muhimu kuliko zote kwa anayelipa, kwa sababu dawa ya rituximab inashika hapo hapo. Burkitt inatoka CD20 na CD10 chanya, BCL6 chanya, BCL2 hasi au dhaifu sana, TdT hasi, na Ki-67 inakaribia asilimia 100. Limfoma ya seli B kubwa zilizosambaa (B na T ni aina mbili kuu za seli za limfu) ni CD20 chanya pia, lakini seli ni kubwa zaidi na Ki-67 kwa kawaida iko chini ya hapo, na CD10, BCL6 na MUM1 ndizo zinazoigawa katika makundi mawili. Hodgkin ya kawaida ni CD30 chanya, mara nyingi CD15 nayo, PAX5 dhaifu, na CD45 hasi.

Lawama yetu kubwa ipo hapa. CD20 ikitoka hasi, wanafunga jalada na kuandika "limfoma isiyo ya Hodgkin, aina haijabainishwa". Hapana. Kwa mtu mwenye VVU mwenye uvimbe wa fizi au wa taya, seli kubwa, CD20 hasi, swali la pili ni CD138, kwa sababu kuna limfoma ya plasmablasti inayotupa CD20 yake. Kwa kijana mwenye uvimbe wa kifuani, swali ni TdT. Kwa CD30 chanya iliyoenea kwenye seli zote, swali ni ALK. Matibabu ya hao watatu hayafanani hata kidogo. Mteja aombe kwa maandishi kwamba seti ya pili ifanywe kutokana na matokeo ya kwanza, na bloku lisitupwe.

Ubora wa rangi yenyewe hatuna ugomvi nao. Kila slaidi ina kipande cha tonsili (tezi ya kooni) pembeni kama shahidi. Tonsili ina seli B na seli T mahali panapojulikana, kwa hiyo CD20 isipopaka vijifuko vya tonsili, jibu la mgonjwa halina maana na kazi inarudiwa. Slaidi zinachemshwa dakika 20 katika bafa ya sitreti ya pH 6 au ya EDTA ya pH 9, na wametumia slaidi zenye chaji, hivyo nyama haing'oki na kuelea.

Foleni ndiyo inayoudhi. Kwa hesabu ya kazi yenyewe, siku ya kwanza ni dawa, usiku wa kuamkia ya tatu ni mashine, ya tatu ni kukata na kupaka rangi, ya nne kusoma. Ripoti ya kwanza ikizidi wiki, hiyo ni foleni, sayansi haihusiki. Kingamwili wanazisubirisha hadi slaidi zijae za kutosha kuendesha mzunguko mmoja, na hakuna njia ya haraka iliyoandikwa popote. Kwa mkono wako, andika juu ya fomu kwa herufi kubwa: HARAKA, MTOTO, TAYA, kisha piga simu siku inayofuata umwombe mwanapatholojia asome slaidi za mguso. Wakiombwa wanafanya. Kinachokera ni kwamba mpaka uombe.

TB wanaishughulikia vizuri nusu. Wakiona granuloma (vifundo vya seli za kinga) wanapaka rangi ya Ziehl-Neelsen, na ikitoka hasi wanasema wazi kwamba hasi haiondoi TB. Nusu inayokosekana ni sentensi moja tu: granuloma zinaweza kukaa tezi moja na limfoma ya Hodgkin. Mgonjwa aliyeanzishiwa dawa za TB kwa granuloma tu, bila kijidudu kuonekana, na tezi zinaendelea kukua baada ya miezi miwili, atolewe tezi nyingine, na daktari akumbuke kwamba kwa mwenye VVU aliyeanza dawa za VVU karibuni tezi zinaweza kuvimba kwanza kabla ya kupungua.

Wanarudisha bloku kwa saini, bila malipo, pamoja na slaidi, na hili tungetamani liigwe kila mahali, kwa sababu Bugando, au hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wakitaka kurudia kingamwili wanahitaji bloku, ripoti peke yake haiwatoshi. Lifungeni kwa gozi ndani ya boksi gumu, mwandike jina na namba, na abebe mtu mkononi. Msilipe dereva aliweke juu ya dashibodi: nta inayeyuka kwenye nyuzi 56 hivi, na kioo cha mbele cha basi kikipigwa na jua la saa saba mchana, linafika Dar es Salaam limekuwa doa kwenye bahasha.